Dada, ulienda Lagos kula au kumtafutia mhudumu wa watu matatizo?

Wadau, nimekaa kimya wiki nzima. Nimesoma komenti zenu, nimecheka pale pa kucheka, na zile klipu nimetumiwa na watu kumi na moja, akiwemo mama yangu mdogo ambaye hata TikTok hana, alizipata kwenye grupu la kikoba. Nikasema ngoja nipite kimya kimya, kila mtu na riziki yake ya kiki. Ila Jumapili dada yetu kaingia Live, na alichokisema mle katikati ya stori za wigi ndicho kimeniamsha. Nitakifikia. Kwanza tuwekane sawa.

Jina sitaji. Mnamjua, na asiyemjua hajakosa kitu. Kwa mliokuwa mmeishiwa bando: dada yetu alikwenda Lagos Desemba. Desemba ya Lagos siku hizi ni kama hija, wenyewe wanaiita Detty December. Wanaijeria wa London, Houston na Toronto wanarudi nyumbani na paundi zao na dola zao, matamasha kila usiku, foleni za magari mpaka alfajiri, na bei ya kila kitu inapanda kuwafuata. Mastaa wetu nao wameanza kujipenyeza humo. Sina tatizo, hela yao, likizo yao.

Akaenda na wenzake wanne kwenye mgahawa mmoja Victoria Island. Jina la mgahawa nalo silitaji, ingawa yeye alilitaja mara sita. Klipu ziko saba. Ya kwanza anasifia taa na viti. Ya pili ameshika bakuli la ewedu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, anasema "hii si kamasi hii?". Ya tatu anaonyesha risiti na kupiga ukunga. Kuanzia ya nne mpaka ya sita ni mhudumu tu. Ya saba wako kwenye gari wanaimba.

Nizungumzie hizo tatu za mhudumu, maana ndizo zilizofika mpaka kwa mama yangu mdogo. Binti mwembamba, sare nyeusi, amesimama karibu na meza, mikono nyuma. Anasema kwa sauti ya chini kwamba samahani, wasubiri kidogo, hela haijaingia. Dada anamsogezea simu usoni kabisa, halafu anatugeukia sisi kwa Kiswahili, lugha ambayo yule binti haielewi hata salamu yake: "Mnawaona Wanaijeria? Hela washakula, wanajifanya hawajaiona. Matapeli wakubwa hawa." Wenzake wanacheka. Binti naye anatabasamu, kwa sababu hajui kinachosemwa na kazini kwake amefundishwa kutabasamu mgeni akipiga picha.

Hilo tabasamu ndilo mliloligeuza stika. Nimeiona stika. Nimeiona mpaka kwenye grupu la ofisini.

Haya, tuongee hela, kwa sababu nimekaa Lagos miezi kumi na nne, upande wa Surulere, na hili la hela kuingia nimeliishi kila siku ya Mungu.

Kadi ya dada iligoma kwenye mashine. Mwenyeji wao akatoa simu yake akatuma hela benki kwa benki. Lagos inaishi hivyo. Mwishoni mwa 2022 Benki Kuu yao ilibadilisha noti, mwanzoni mwa 2023 noti za zamani zikakusanywa na mpya hazikutosha, watu wakalala kwenye foleni za ATM kusaka pesa taslimu. Tangu hapo hata muuza mahindi ya kuchoma ana namba ya akaunti kaiandika kwenye boksi na kuitundika kwenye mwavuli. Unatuma, simu yako inaandika imefanikiwa, halafu mnabaki mnatazamana wewe na muuzaji mkingoja meseji ya benki yake. Wao wanaiita alert. Kuna siku inaingia kabla hujarudisha simu mfukoni. Kuna siku unasimama nusu saa kwenye duka la dawa na panadol yako mkononi huruhusiwi kuondoka nayo. Na kuna siku hela inatoka kwako, haifiki kwake, inazunguka huko inakojua yenyewe, kesho yake inarudi kwenye akaunti yako.

Kwa nini wasikuamini tu na hiyo skrini yako? Kwa sababu matapeli wa kweli wapo, na wa kwanza kuibiwa nao ni huyo huyo mhudumu. Kuna programu za simu zinazotengeneza risiti ya uongo inayofanana kabisa na ya benki. Mtu anakula, anakuonyesha "imefanikiwa", anaondoka zake. Jamaa aliyekuwa anakaa chini ya chumba changu pale Surulere alikuwa mhudumu kwenye mgahawa upande wa Ikeja. Meza ya wanaume wanne walikula, wakanywa, wakamwonyesha skrini, akawaachia kwa sababu walikuwa wastaarabu na wamevaa vizuri. Alert haikuingia hiyo siku wala kesho yake. Ile bili alikatwa yeye kwenye mshahara, miezi miwili mfululizo. Mgahawa haukupata hasara hata ya kijiko. Alinisimulia tukiwa tumesimama kwenye moshi wa jenereta, anacheka, lakini nilimwona ule mwezi wa pili anatembea kwa miguu kwenda kituoni ili aokoe nauli ya pikipiki.

Kwa hiyo yule binti aliposema msubiri, alikuwa hawaibii. Alikuwa analinda mshahara wake msije mkaondoka nao.

Halafu niulize kitu. Dada, wewe unaishi Dar. Ukinunua chipsi mayai Sinza ukalipa kwa lipa namba, yule kaka hakwambii "subiri meseji iingie, dada"? Si unasubiri? Si unamwambia angalia vizuri, nimetuma? Ulishawahi kumwekea kamera usoni ukamwita tapeli? Humfanyii, kwa sababu ni wa kwetu na mtaa mzima utakugeukia. Lagos ulijua hakuna atakayekuelewa.

Na hili neno tapeli tunavyolitumia kwa Wanaijeria, jamani, tuoneane aibu kidogo. Nchi iliyouzoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" inapata wapi ubavu wa kuwaita wenzake matapeli kama kabila? Sisi ambao hata ukinunua kiwanja unatafuta kwanza mtu wa ardhi, mtu wa serikali ya mtaa na mtu wa maombi? Kuna matapeli Lagos, sikatai, nimekutana nao. Hakuna hata mmoja aliyenitapeli akiwa amevaa sare na jina lake limebandikwa kifuani.

Sasa chakula.

Ile klipu ya kamasi niliisimamisha nikaiangalia mara mbili nione kama ninachokiona ndicho. Ndicho. Ewedu. Ewedu, ndugu zangu, ni mlenda. Sisemi inafanana na mlenda, ni moja ya majani yale yale ambayo huku kwetu tunayaita mlenda, yakachemshwa na kupigwapigwa na kifagio kidogo cha jikoni mpaka yavutike. Bibi zetu wa Dodoma na Singida wamelea koo nzima nzima kwa mlenda. Na dada yetu huyu huyu mwaka jana aliposti sahani ya mlenda na ugali wa mtama akatuambia ndiyo siri ya ngozi yake. Nenda kashuke kwenye ukurasa wake utaiona kama hajaifuta. Kwa hiyo ukiwa kwako ni lishe, ukivuka anga ukakutana nao kwenye bakuli zuri umekuwa kamasi?

Tatizo ni kwamba alikula ewedu peke yake kwa kijiko, kama mtu anayekunywa supu. Hailiwi hivyo. Ewedu inawekwa na gbegiri, ule mchuzi mzito wa kunde zilizomenywa maganda, halafu juu yake unatupiwa mchuzi mwekundu wa pilipili na nyama, vyote vitatu kwenye sahani moja na amala pembeni. Amala ni kama ugali, rangi ya udongo, ya unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa. Mwenye kujua ugali wa mhogo atapatana nayo siku hiyo hiyo. Unakata tonge, unachota vyote vitatu, unameza. Hutafuni. Yule binti kwenye klipu ya pili unamsikia kabisa anajaribu kueleza, anasema changanya na hiki, dada yuko bize na angle.

Akaagiza na pepper soup, akalia kwamba imewashwa pilipili makusudi. Dada, jina lake ni supu ya pilipili. Umeagiza pilipili.

Na ile ya kushika pua kwa sababu ya harufu. Ndiyo, kuna harufu. Wanatia iru, mbegu za mti fulani zinazochachushwa, na wanatia kamba wadogo waliokaushwa na kusagwa, na kwenye egusi unaweza kukuta vipande vya samaki mkavu mgumu kama ubao anayeletwa toka Norwei. Mtu aliyekulia nyumba inayokaangwa dagaa wa Mwanza, nguo zote mpaka za shule zinanuka, leo ameshika pua kwa ajili ya iru. Sawa.

Sikatai kwamba kuna vyakula vya kule vilivyonishinda. Ogbono sikuipenda mpaka nimeondoka. Jollof yao mimi bado naiona ni pilau iliyokosa viungo ikajazwa nyanya, na hilo nililisema nikiwa mezani kwao, tukatukanana vizuri, tukala tukamaliza. Kuna namna ya kusema chakula sijakipenda. Kuna watu wazima wanaiweza.

Risiti. Hapa ndipo wengi mlipomuunga mkono, na hapa nitakwenda nanyi nusu ya njia.

Bili ilikuwa naira 183,750. Kwa hela yetu ni kama laki tatu, watu watano, Victoria Island, mwezi wa Desemba. Kwenye klipu ya tatu anasema vyakula vilikuwa 150,000 na hizo nyingine "wamejiongezea tu wenyewe". Mimi niliikuza ile picha nikaisoma. Chakula na vinywaji 150,000. VAT asilimia 7.5, hiyo ni 11,250. Kodi ya matumizi ya jimbo la Lagos asilimia 5, ni 7,500. Ada ya huduma asilimia 10, ni 15,000. Jumlisha. Ni ile ile, hakuna kobo iliyoibwa. Mbili za mwanzo ni za serikali, hazikai hapo dukani. Hiyo ya tatu, ada ya huduma, ndiyo ya kugombania, na ningekuwa yeye ningeigombania hapo hapo: inalazimishwa hata ukihudumiwa ovyo, na wahudumu niliowafahamu mimi walikuwa hawaioni, inaishia juu. Dada alikuwa na hoja nzuri mkononi akaitupa akakimbilia kupiga kelele "wizi, wizi".

Na kwa kuwa tunahesabu, tuhesabu na hii. Kima cha chini cha mshahara Nigeria ni naira 70,000 kwa mwezi tangu Julai 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 30,000. Ile meza moja, jioni moja, ni zaidi ya miezi miwili na nusu ya mtu anayelipwa kima cha chini, kwenye nchi ambayo Juni 2024 bei za vyakula zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya mwaka. Binti wa kazi kama ile mara nyingi hakai kisiwani, kisiwani kodi haikamatiki. Anakaa bara, anavuka daraja la Third Mainland, kilomita karibu 12 juu ya maji, kwenye danfo, usiku, baada ya ninyi kumaliza kuimba kwenye gari.

Sasa msije mkasema nimelipwa na ubalozi. Migahawa ya Lagos ina dhambi zake na nitazisema. Menyu ina vyakula themanini, unachagua, mhudumu anakwambia "e don finish", kimeisha. Unachagua kingine, kimeisha. Mwisho unamwambia basi niambie kilichopo, anakwambia wali na kuku. Unaagiza wali na kuku, unakaa saa nzima. Kuna zile sehemu za VI na Lekki ukifika Desemba unaambiwa meza ina kiwango cha chini cha matumizi, ukae usikae utatoa. Kuna muziki unaopigwa kwa sauti ya kukufanya uwasiliane na mwenzio kwa ishara. Na kuna lile la kuzuia wanawake wasioongozana na mwanaume mlangoni, usiku, kwa kuwa eti watakuwa wamekuja kujiuza. Rafiki yangu wa kike, mtu na heshima zake, mhasibu, alirudishwa mlangoni VI akiwa na simu ya meza aliyoiwekea nafasi yeye mwenyewe. Alilia kwenye teksi. Hilo ndilo la kuwekea klipu saba. Hilo mastaa wetu hawajawahi kuliona, wao wanaingia na wenyeji.

Tena kulalamika kule kuna gharama ambayo huku hatuijui vizuri. Septemba 2023 mama mmoja wa Lagos aliandika Facebook kwamba nyanya ya kopo aliyonunua ina sukari nyingi kupita kiasi. Nyanya ya kopo, basi. Kampuni ikaenda polisi, akakamatwa, akafunguliwa mashtaka kwa sheria ya makosa ya mtandao. Kwa hiyo mimi ni wa mwisho kumwambia mteja afunge mdomo. Mteja aseme. Aseme chumvi ilizidi, aseme choo kilikuwa kichafu, aseme alisubiri saa nzima, ataje na bei. Mama wa nyanya alisema juu ya kitu alichonunua, akasimama na jina lake. Dada yetu yeye alimchukua mtu mwenye kipato kidogo kuliko wote mle ndani, akampiga picha usoni, akamtuhumu wizi kwa lugha asiyoielewa, mbele ya watu laki tatu. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na mnaoniandikia "ni haki ya mteja" mnazichanganya kwa makusudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba amerudi anasema "Nigeria nimekula, hakuna kitu". Dada, Nigeria hujaila. Umekula taa.

Ungeteremka bara, ungeuliza mtu yeyote, bodaboda, mlinzi, ungepelekwa buka. Buka ni mgahawa wa benchi na meza ya mbao, na mama mwenyewe amekaa nyuma ya masufuria makubwa kama hakimu. Na sikilizeni hili, maana kila nikilisimulia watu hawaamini. Wale akina mama wa chakula cha mtaani kule wanaitwa "mama put". Ni pijini yao, maana yake mama weka, mama niongezee. Sisi huku tunawaitaje wale wetu? Mama ntilie. Mama nitilie. Watu hawajawahi kukaa kikao, huku Bahari ya Hindi na kule Atlantiki, wenye njaa wa pande zote mbili wakamwita mama yule yule kwa neno lile lile.

Siku yangu ya kwanza nilikosea kila kitu. Nilikaa nikasubiri menyu. Mama akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya kusikika barabarani kama nimekuja kula au kupumzika. Unasimama mwenyewe mbele ya masufuria, unasema amala ngapi, inafungwa kwa vimafungu, unasema mbili. Unaonyesha mchuzi kwa kidole. Halafu nyama, na nyama inahesabiwa kipande kwa kipande: hiki ni ngozi ya ng'ombe, wanaiita ponmo, hiki ni utumbo, hiki samaki. Kila kipande na bei yake, anajumlisha kwa kichwa kabla hujafika kwenye benchi. Ukisema niongezee mchuzi kidogo anakutukana kwanza halafu anakuongezea. Maji ya kunawa kwenye bakuli, sabuni ya unga, unakula kwa mkono, jasho linakutoka, redio inalia, jirani yako usiyemjua anakuuliza Tanzania ni karibu na Ghana?

Na alert pale haikuingia. Siku ya tatu au ya nne hivi, nilituma hela, ikagoma kufika. Nikaanza kujieleza kwa Kiingereza cha shule. Mama akaninyooshea mwiko, akaniambia kaa hapo. Nikakaa. Dakika ishirini na tano, wateja wanapita wananiangalia kama mwizi wa kuku. Ilipoingia akanyanyua simu juu akawaonyesha watu wote, akacheka, akanifungia moi moi kwenye jani nikale nyumbani. Sikuchukua video. Hata sikuwaza.

Najua kuna watakaosema huko buka hakuna maudhui, watu wanataka kuona maisha mazuri. Sawa, basi kaeni VI, mle kwa taa, lipeni. Lipeni, hiyo ndiyo kazi ya mteja iliyobaki.

Ndipo tunarudi kwenye Live ya Jumapili.

Mtu mmoja kwenye komenti alimuuliza, kwa hiyo ile hela iliishaje? Dada akacheka. Akasema, na mimi nimerekodi skrini kwa hiyo asije akaruka: meneja alikuja akatazama simu ya mwenyeji, akaona imeandikwa imefanikiwa, akawaachia waondoke. Kesho yake mchana mwenyeji akapata meseji. Muamala umegoma, hela yote imerudi kwenye akaunti. 183,750. Wakaigawana, wakatumia kwenye nguo. "Mungu si Athumani," akasema, akarudi kwenye wigi.

Watu wakarusha mioyo. Mioyo, jamani.

Hebu rudia taratibu. Watu watano wamekula, wamekunywa, hawakulipa, wanajua hawakulipa, hela wamerudishiwa wakaitumia. Na aliyeitwa tapeli, ambaye sura yake ni stika kwenye simu zenu, ni yule aliyesema kwa sauti ya chini kwamba hela haijaingia. Alikuwa anasema kweli tupu. Hela ilikuwa haijaingia. Haijaingia mpaka leo ninapoandika.

Sijui yule binti amekatwa shilingi ngapi au kama bado ana kazi. Ninachojua ni jinsi jirani yangu alivyokatwa, na bili yake yeye haikufika hata robo ya hii.

Nimemwandikia dada kwa ujumbe wa faragha Jumatatu. Ameusoma, alama za bluu zipo, hajajibu. Juzi kaweka tangazo la chai ya kupunguza tumbo. Kwa hiyo nalisema hapa. Kuomba radhi kwa video ya machozi hatutaki, tumeziona za kutosha. Futa zile klipu tatu, na tuma hela ya watu. Namba ya akaunti ya mgahawa huna haja ya kuitafuta, imechapwa chini kabisa ya ile risiti uliyotuonyesha mwenyewe kwenye klipu ya tatu, sekunde ya kumi na tisa. Ukituma, kaa hapo usubiri mpaka wakwambie imeingia.